Kubana matumizi bila kujinyima: anza na daftari

Kubana matumizi ni kuhakikisha kila pesa inayotoka inaleta kitu unachokihitaji kweli. Bahili huona uchungu kutoa pesa hata anapougua, na mwisho hulipa zaidi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, maana kila moja inategemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Andika matumizi yote kwa mwezi mzima

Tafuta daftari dogo la mfukoni. Chora safu nne: tarehe, kiasi, kitu, sababu. Andika papo hapo pesa inapotoka. Wengi hukwama kwa kungoja jioni: makubwa watayakumbuka, ila vinywaji, nauli za ziada na makato ya kutuma pesa vitakuwa vimeshasahaulika, na pesa nyingi huvujia huko. Safu ya sababu usiiruke. Ukikuta neno “uchovu” limejirudia mara tisa, umeshajua kwamba dawa yake ni kupika mapema, wala si kujikaripia. Malipo ya mara moja kwa mwaka, kama bima na ada, yagawe kwa 12 na uyaingize kwenye hesabu ya mwezi.

Hatua ya 2: Panga kuanzia kubwa

Kama pango linakula asilimia 40 ya kipato, kulipunguza kwa sehemu ya kumi kunaokoa asilimia 4 ya kipato chote. Kukata nusu ya kitu kinachokula asilimia 2 kunaokoa asilimia 1 tu, na pengine ndicho kilichokuwa kikikuburudisha. Anza na pango, usafiri na chakula.

Hatua ya 3: Pima bei kwa matumizi

Viatu vya bei ya 20 vinavyodumu miezi 4 vinakugharimu 5 kwa mwezi. Vya 50 vinavyodumu miezi 20 vinagharimu 2.5. Lakini bei kubwa peke yake haithibitishi ubora: kunja soli, kagua mshono, vuta zipu, uliza kama vipuri vinapatikana.

Kununua kwa wingi kunahitaji hesabu hiyohiyo. Tuseme kilo moja ni 10 na mfuko wa kilo 5 ni 42. Kwenye mfuko unalipa 8.4 kwa kilo, nafuu ya asilimia 16. Kilo moja ikiharibika, umetumia kilo 4 kwa 42, yaani 10.5 kwa kilo, na nafuu yote imekwisha. Nunua kwa wingi vitu vikavu unavyovimaliza kabla havijaharibika, na uwe na chombo chenye mfuniko unaobana.

Hatua ya 4: Ziba yanayovuja nyumbani

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 za maji kwa siku. Mara nyingi kilichochakaa ni washa, kile kipete cha mpira kinachozuia maji ndani ya bomba. Funga maji kwenye koki kuu ndipo ulifungue bomba na kuibadilisha. Balbu ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hutumia uniti 9 za umeme kwa siku 30. Ya LED ya wati 9 hutumia 1.35. Funika sufuria, na uchemshe maji unayohitaji tu.

Hatua ya 5: Ngoja siku saba

Kitu chochote cha hiari kinachozidi kipato chako cha siku moja, kiandike nyuma ya daftari pamoja na bei. Baada ya siku saba, kama bado unakihitaji na pesa ipo, nunua bila kujilaumu.

Hatua ya 6: Hamisha kilichookolewa

Hapa ndipo juhudi nyingi hupotea. Pesa iliyobaki kwenye akaunti ya matumizi italiwa na kitu kingine. Ihamishe siku ileile unapopokea kipato. Lipa kwanza deni lenye riba kubwa: riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ikiachwa ijilimbikize, hukuza deni kwa karibu asilimia 43 kwa mwaka. Hata hivyo weka akiba kidogo ya dharura pembeni tangu mwanzo, la sivyo ugonjwa mmoja utakurudisha kukopa.

Usibane hapa

Dawa ulizoandikiwa, breki, nyaya za umeme, na ujira wa watu wanaokufanyia kazi. Ukikata kwenye ujira, gharama haijapungua. Umemtwisha mtu mwingine.