Kutunza mbegu za mkwaju wa Mwanza zisipoteze uhai

Kitalu cha kikundi huko Ilemela, Magu au Ukerewe kinaweza kutunza mbegu kwa utaratibu uleule wa bustani kubwa za mimea. Anza na mkwaju, kwa sababu mbegu zake huvumilia kukaushwa. Za mzambarau zikikauka zinakufa. Hizo zisiwekwe akiba, zipandwe mbichi.

Chuma kwenye miti mingi. Wataalamu hulenga 50. Ukipata 20 iliyoachana mita 100, si haba. Gunia zima la mti mmoja ni ndugu wa tumbo moja, ugonjwa unaomuua mmoja unaweza kuwaua wote. Usivuke moja ya tano ya mbegu zilizoiva siku hiyo, na hifadhini, kama Kisiwa cha Saanane, usichume bila kibali.

Loweka ukwaju saa chache, sugua kwa mchanga, suuza, kisha tandaza kivulini juu ya chandarua. Jua kali huua kiini. Zenye tundu zimeliwa na fukusi, zitupe. Hewa ya usiku kando ya ziwa ina unyevu, kwa hiyo anua kabla jua halijazama.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mbegu inaonekana kavu, kumbe bado. Pima kwa chumvi. Ikaushe kwenye kikaango, ipoe, jaza robo ya chupa ya kioo, ongeza mbegu kiasi hichohicho, funga, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mbegu kivulini. Isipoganda, zimekauka kwa akiba ya muda mfupi tu; kwa akiba ya miaka zikaushe zaidi, kisha zifunge kwenye chupa isiyopitisha hewa na uweke kwenye friji. Kila joto likipungua nyuzi 5, uhai wa mbegu huongezeka takriban mara mbili.

Lebo iwe ya penseli, ndani na nje ya chupa: kijiji, tarehe, idadi ya miti mama. Asili ya mbegu ni jambo zito. Msizi, mti wa asili wa misitu ya Kagera, ulipelekwa Amani, bustani ya mimea ya Usambara Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1902, ukasambaa na kuvamia misitu ya huko. Mbegu za Magu zipandwe Magu.

Kila mwaka toa mbegu 20, zikwangue ganda kidogo kwa tupa, loweka saa 24, panda. Kama mwanzoni ziliota zote na sasa zinaota chini ya 17, msimu ujao chuma upya.