Kwa Nini Waifai ya Nyumbani Haifikii Kasi Uliyolipia

Kabla ya kumlaumu mtoa huduma, unganisha kompyuta na ruta (kifaa kinachosambaza waifai) kwa waya, zima vifaa vingine, kisha pima kasi. Iwapo kipimo kinakaribia kasi ya kifurushi chako, tatizo limo ndani ya nyumba, wala si kwenye laini inayoingia. Hakikisha pia unalinganisha vipimo vya aina moja, kwani vifurushi huuzwa kwa megabiti ilhali programu nyingi za kupakua huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8: megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 tu.

Sasa tazama mahali ruta ilipo. Ruta hutuma data kwa mawimbi ya redio: masafa ya gigahezi 5 hupitisha data kwa kasi kubwa lakini hudhoofishwa upesi na kuta, hasa za zege, ilhali yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi ila yamesongamana, kwa kuwa hutumiwa pia na ruta za majirani, vifaa vya Bluetooth na hata oveni za maikrowevu. Kwa hiyo iweke ruta katikati ya nyumba, mahali pa juu na pa wazi. Kuificha kabatini, kosa ninaloliona mara nyingi mno, ni kuyafungia mawimbi yake. Kwenye gigahezi 2.4, chagua, kwenye mipangilio ya ruta, chaneli (kijisehemu cha masafa hayo) ya 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani.

Vifaa vyote vya chaneli moja hupokezana zamu ya kutuma data, hivyo simu moja ya zamani iliyo mbali na ruta huvichelewesha vingine. Runinga na kompyuta zisizohamishwa ziunganishe kwa waya.