Mbolea gani, na ukate lini: malisho ya asili hatua kwa hatua

Wafugaji huniuliza sana kuhusu mbolea, mara chache kuhusu siku ya kukata. Mbolea huongeza wingi wa majani. Siku ya kukata ndiyo huamua kama ng'ombe atapata lishe au atatafuna mabua.

1. Kagua kilichoota. Pita katikati ya malisho, usiishie pembeni. Kuna mikunde kati ya nyasi? Ng'oa mmoja taratibu, upasue kinundu cha mzizi kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria wake wanavuta naitrojeni kutoka hewani, nawe huna haja ya kuinunua.

2. Chagua mbolea. Mikunde ikiwa mingi, weka mbolea ya fosforasi kama TSP na uache urea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni. Urea huzipa nyasi mbio, zikaifunika mikunde hadi ikapotea. Penye nyasi tupu, urea au CAN (nayo ni mbolea ya naitrojeni) inafaa: mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, na mmoja kwa ekari ni kiwango kizuri cha kuanzia. Kama unakata na kuhamisha majani kila mwaka, rudisha samadi iliyooza, maana kila mzigo wa hei (nyasi zilizokatwa na kukaushwa) huondoka na potasiamu nyingi ya udongo.

3. Weka kwa wakati. Nyasi ziwe zimeanza kuchipua, udongo una unyevu na mvua iko karibu. Urea ikilala juu ya ardhi kwenye jua, sehemu yake hupotea hewani kama gesi ya amonia. Ukame ukiingia baada ya kuweka naitrojeni nyingi, usiharakishe kukata. Naitreti, yaani naitrojeni ambayo mmea haujaitumia, hujikusanya kwenye mashina, hasa sehemu ya chini, na inaweza kuua mifugo.

4. Kata nyasi zikiwa na mimba. Hapa ndipo wengi hupotezea faida. Shika bua kati ya vidole, minya kuanzia chini kwenda juu. Ukihisi uvimbe laini ndani ya ala ya jani la mwisho, suke liko njiani. Tangu hapo hadi masuke ya kwanza yachomoze ndio wakati wako.

Ukisubiri mbegu zikauke utapata mzigo mkubwa zaidi, lakini majani yamepungua, mashina yamekuwa magumu na protini imeshuka. Ikiwa chini ya takriban asilimia 7, vijidudu vya tumboni hukosa naitrojeni, chakula hukaa sana tumboni, na ng'ombe hula kidogo ingawa hori limejaa. Mbolea uliyonunua haizuii hilo. Malisho ya asili yana nyasi za aina nyingi, kwa hiyo fuata ile iliyotawala.

Mara nyingi wakati huu huangukia katikati ya mvua. Hei yenye ukungu haifai hata kidogo, hivyo heri usubiri siku chache za jua, au ukate na kulisha mbichi, au utengeneze saileji (majani mabichi yaliyoshindiliwa na kufungwa yasipate hewa).

5. Acha visiki vya sentimita 8 hadi 10 ili nyasi zichipue tena. Tenga pia kipande kimoja kila mwaka, kiangushe mbegu kabla hujakikata, na mwaka unaofuata uhamie kipande kingine.