Maoni kwenye ripoti ya Power BI, yakae karibu na namba yenyewe

Meneja wa tawi akiona mauzo ya Mwanza yameshuka Aprili anataka kuandika hapohapo "mzigo ulichelewa", sio kupiga skrinshoti na kuitupa kwenye grupu la WhatsApp. Power BI (programu ya Microsoft ya ripoti za data) ina maoni yake ukiifungua kwenye brauza, hata kumtag mtu unaweza, ila hayaingii kwenye data yako, mimi siyapendi. Natumia Power Apps (ya kutengenezea apu ndogo) na listi ya SharePoint (jedwali la mtandaoni), zote za Microsoft.

1. Tengeneza listi: Title iwe ufunguo (alama inayounganisha maoni na namba yake), kolamu nyingine iwe maoni. Jina la mwandishi na tarehe vinajiweka.

2. Kwenye modeli ya data ya ripoti ongeza kolamu ya ufunguo, tawi na mwezi pamoja, mfano MWANZA-2025-04. Ukiweka tawi peke yake, maoni ya Aprili utayakuta mpaka Desemba.

3. Weka boksi la Power Apps kwenye ripoti, buruta ufunguo ndani, kisha anzisha apu mpya HUMO HUMO. Ukiitengenezea pembeni halafu ukaja kuichagua, haitakuwa na PowerBIIntegration, yaani haijui mtu kabonyeza tawi gani. Sasa shughuli yenyewe: PowerBIIntegration.Refresh(), amri ya apu kurifreshi ripoti, inafanya kazi kwa DirectQuery tu (ripoti inaposoma chanzo moja kwa moja bila kunakili data) na SharePoint haina hiyo, kwa hiyo mtu anaandika, anasevu, anaangalia jedwali la maoni kwenye ripoti hakuna kitu, anaandika tena, ripoti ikija kurifreshi unakuta neno lilelile limejipanga mara tano. Leseni ya Pro inakupa kurifreshi kwa ratiba mara 8 kwa siku, haisaidii. Achana na jedwali, weka galari (orodha ya kuonyesha maoni) ndani ya apu hiyohiyo ichuje listi kwa ufunguo uliochaguliwa, itasoma SharePoint moja kwa moja. Najua kuna watakaosema tumia database ya SQL badala ya listi, sawa, ila konekta yake kwenye Power Apps inataka leseni ya premium, kwa sentensi mbili za meneja mimi silipi.

4. Kitufe cha kusevu ni Patch tu (fomula ya kuandika kwenye listi). Ila kizime mpaka CountRows (idadi ya safu) ya PowerBIIntegration.Data, yaani data ambayo ripoti inaipa apu, iwe 1, maana mtu asipochagua kitu fomula ya First inaokota safu ya kwanza na lawama za Mwanza zinaangukia Arusha.

5. Ruhusa: ripoti, apu na listi, kila kimoja unakishea kivyake. Na RLS ya Power BI (kizuizi cha nani aone safu zipi) haiigusi listi, mtu akiifungua kule SharePoint anasoma maoni ya matawi yote, so wakataze kuandika majina ya wateja humo.