Namna ya Kulinganisha Nishati Mbadala za Kuendeshea Meli

Anayelinganisha mafuta ya meli tani kwa tani atapotoka tangu mwanzo, kwa kuwa kinachosukuma meli ni nishati iliyomo ndani ya mafuta wala si uzito wake. Anza kwa kukokotoa nishati inayohitajika kwa safari nzima.

Chukulia meli inayotumia tani 500 za mafuta mazito, yaani masalia mazito ya usafishaji wa mafuta ghafi, katika safari moja. Kila kilo ina megajuli 40 hivi, kwa hiyo safari inadai gigajuli 20,000 (gigajuli moja ni megajuli 1,000). Kilo ya methanoli ina nusu tu ya nishati hiyo, na kwa hiyo zitahitajika tani 1,000. Hapa ndipo wengi hudanganyika: tani moja ya methanoli ikiungua hutoa tani 1.375 za kaboni dioksaidi, wakati mafuta mazito hutoa tani 3.114, na kwa haraka haraka mtu huona uchafuzi umepungua zaidi ya nusu. Kwa safari yetu, hata hivyo, ni tani 1,375 dhidi ya 1,557, yaani nafuu ya asilimia 12 pekee.

Kisha pima nafasi. Mafuta mazito yatajaza mita za ujazo 510 hivi, methanoli 1,270, amonia iliyopozwa hadi nyuzi 33 chini ya sifuri karibu 1,600, na hidrojeni kimiminika, ambayo huhifadhiwa kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, zaidi ya 2,300. Hapo hatujahesabu kuta nene za matangi ya baridi, ambazo nazo hula nafasi ya shehena.

Hatua ya tatu ni kuhesabu kinachovuja bila kuungua. Gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika ingetumika tani 417 na kutoa tani 1,146 za kaboni dioksaidi, nafuu ya kama tani 410. Lakini asilimia 3 ya gesi hiyo ikipita kwenye injini bila kuungua, jambo linalowezekana kwa baadhi ya injini, methani hiyo, ambayo ndiyo sehemu kuu ya gesi asilia, italeta madhara sawa na tani 350 za kaboni dioksaidi kwa kipimo cha miaka 100, yaani joto inaloongeza hewani likijumlishwa kwa miaka hiyo, na karibu nafuu yote itakuwa imemezwa. Kwa hiyo dai takwimu za aina ya injini yenyewe, usiridhike na sifa za gesi.

Baada ya hapo rudi nyuma hadi kiwandani, maana amonia na hidrojeni hazina kaboni zinapotumika, ilhali sehemu kubwa ya zinazouzwa leo hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu mafuta ya meli (FuelEU Maritime), iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, hupima mnyororo wote, tangu uzalishaji hadi matumizi, na kwa maoni yangu hesabu yoyote inayoishia kwenye bomba la moshi haifai kuwekewa fedha.

Usalama wa mabaharia nao uingie kwenye hesabu: mwali wa methanoli hauonekani vizuri mchana, na amonia ni sumu hata ikivuja kidogo. Kwa vivuko vya masafa mafupi, weka betri kwenye ulinganisho. Kivuko cha Ampere cha Norway kinaendeshwa kwa betri tangu 2015.