Maji ya mzazi: mambo ya kupanga kabla ya arobaini

Kusini mwa India, madaktari wameripoti juu ya kina mama waliofikishwa hospitali siku kadhaa baada ya kujifungua wakiwa wamechanganyikiwa, wengine wana degedege, wengine viungo vimelegea. Damu ilipopimwa, sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, ilikuwa juu mno. Chanzo kilitoka nyumbani: mila ya kumpunguzia mzazi maji ya kunywa.

Kwa hiyo jambo la kwanza kupanga ni maji, na lipangwe mimba ikiwa bado ya miezi saba au minane. Zungumzeni na yule hasa atakayemlea mzazi, awe bibi, mama mkwe au somo, kwa sababu mzazi akishalala kitandani hana nguvu za kubishana na mkwewe. Kwetu pwani mzazi hukandwa maji ya moto na kupewa uji wa pilipili manga na supu. Sina ugomvi na hayo. Lakini kukandwa kunamtoa jasho, na kunyonyesha peke yake kunaweza kuchukua zaidi ya nusu lita kwa siku, kwa hiyo akisema ana kiu apewe maji, si aambiwe asubiri uji. Kama kinachohofiwa ni baridi, yachemshwe ayanywe ya vuguvugu. Jagi liwe mahali anapofikia bila kumwita mtu.

Sodiamu ya kawaida katika damu ni 135 hadi 145 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Ikipanda, maji huvutwa kutoka ndani ya seli za ubongo, nazo husinyaa. Mishipa midogo ya damu inaweza kuchanika, damu ikaganda kwenye vena za kichwani, au utando unaofunika nyuzi za neva ukaharibika, mtu akabaki na shida ya kutembea au kuongea. Misuli nayo huweza kuvunjika, na hapo mkojo hugeuka mweusi kama chai ya rangi.

Kadi ya kliniki iandikwe mapema kama anatumia lithiamu, dawa ya magonjwa ya akili, au ana historia ya kukojoa lita nyingi kwa siku. Aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua aangaliwe zaidi, maana tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ikiumia figo zinaweza kushindwa kubana maji. Ulizeni pia ni hospitali gani ya karibu inayopima elektrolaiti, yaani chumvi za damu kama sodiamu. Zahanati nyingi hazina kipimo hicho.

Akianza kuongea visivyoeleweka, kusinzia kupita kiasi au kupata degedege, msimtafutie mganga wa mashetani kwanza. Alazwe ubavu, asimiminiwe chochote mdomoni kama hana fahamu, apelekwe hospitali. Degedege baada ya kujifungua huweza kuwa kifafa cha mimba, na hilo ndilo daktari atakalolifikiria kwanza, kwa haki kabisa. Anayemsindikiza aseme wazi mzazi amekunywa nini na kiasi gani tangu ajifungue, hata kama jibu linamwaibisha mtu wa nyumbani.

Wodini ndugu hukasirika: mtu amekauka, mbona dripu inadondoka polepole? Ni makusudi. Ubongo uliokwisha kuizoea chumvi nyingi, ukiletewa maji kwa pupa, huvimba. Sodiamu iliyopanda kwa siku kadhaa kwa kawaida hushushwa isizidi milimoli 10 hadi 12 kwa lita kwa saa 24, damu ikipimwa tena na tena. Msimsumbue muuguzi aifungulie.

Pakiti ya ORS nayo, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kama ipo nyumbani, huchanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita moja. Kuikoleza ni kuongeza chumvi.

Mtoto naye apimwe uzito siku za mwanzo. Mama aliyekauka anaweza kutoa maziwa machache, na kichanga asiyeshiba hupandisha sodiamu vilevile. Nepi ikikaa kavu kwa saa nyingi, apelekwe pamoja na mama yake.