SOMO: Mwenzako akivaa kofia ya mazoezi, macho ya ndege ni wewe

Wiki hii watu watatu wameniuliza kazi ya rubani wa pembeni kwenye mazoezi ya ILS (kutua kwa kufuata mawimbi ya redio ya uwanja kwenye vyombo), hali ya hewa ikiwa safi. Mwenzako huvaa kofia inayomzuia kuona nje, aone vyombo tu. Naandika mara moja.

1. Hakikisha leseni yako inahusu ndege hiyo na usukani wa upande wako unafanya kazi.

2. Kubalianeni maneno. "Saa mbili, chini" ni mahali ilipo ndege nyingine: kwenye uso wa saa, 12 ni mbele ya pua, namba 2 ni mbele kulia. "Yangu!" maana yake nachukua usukani, achia.

3. Taa ya kutua iwake. Transponda (redio inayoitambulisha ndege kwa rada) iwe ALT, itume na kimo chenu.

4. Angalia NJE. Hapa niliwahi kuharibu. Tulikuwa Pwani, tunashuka. Sindano ya ILS kwenye chombo ilikuwa inamkimbia mwenzangu, nikainama kumsaidia kuifuata. Nilipoinua kichwa, ndege aina ya Caravan ilikuwa inakatiza mbele yetu kutoka kushoto, karibu mno hadi niliona masizi ya ekzosi ubavuni mwake. Hakuna aliyekuwa ameiona. Kwa hiyo, sindano ni za mwenzako, akipotea apotee. Usifagie anga kwa macho: yatulize kila nyuzi 10, angalau sekunde moja. Ndege mnayoelekea kugongana nayo haisogei kwenye kioo, inakua tu. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inahesabu sekunde 12.5 tangu kuiona hadi ndege yako kukwepa. Ninyi kasi ya noti 100 (maili za baharini kwa saa), yeye 150, uso kwa uso, hizo ni kilomita 1.6. Na kwenye Cessna 172 bawa linaficha upande mnaokatia kona, liinue uchungulie kwanza.

5. Kwenye urefu wa maamuzi (kimo cha kuamua kutua au la), kofia ivuliwe au mpande tena.

MASWALI

— Mkuu, tableti inanionyesha ndege zote, si inatosha?

Haionyeshi zote. Isiyo na transponda huioni. Soma namba 4.

— Mbona mwalimu huziona kabla yangu? Macho yangu yamepimwa, ni mazima.

Swali zuri sana, dada. Anga likiwa tupu, jicho hulegea na kulenga mita chache tu mbele. Tazama kwanza kitu cha mbali, wingu au kilima, kisha rudi angani. Rudia kila mara. Utashangaa.

— Nyongeza: futeni kioo kabla ya kuruka, maji na kitambaa laini, msikifute kikavu kitakwaruzika. Mdudu aliyekauka nimemkwepa kama ndege.

Kweli kabisa. Na miwani ya jua ya polaroidi iacheni nyumbani, huficha skrini.